Nyota ya karatasi ya biskwiti

Mwaka huu kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, palabala ilianza juu ya chaki. Ilikuwa siku ya Mungu (Jumapili) jioni, tarehe 4 mwezi wa kwanza, ibada ya Epifania imekwisha, kikundi kinapita nyumba kwa nyumba na nyota yao ya mianzi iliyobandikwa karatasi za kung'aa za biskwiti, mvua imetoka kunyesha na matope yamejaa mpaka kwenye visigino. Tukafika kwa mama mmoja mjane. Kijana mmoja wa korali akatoa chaki mfukoni akaandika juu ya mlango 20+C+M+B+26, sawa vile aliona kwa jirani zake wakatoliki. Mzee mmoja shemasi alikuwa nyuma, akasogea polepole, hakusema kitu, akafuta na mkono wa shati yake ileile ya kanisa mpaka ikabaki alama nyeupe tu kwenye mbao. Kisha njo akasema: "Siye hatuandikake Mungu ku milango." Mama mjane akamwangalia, akauliza: "Sasa baraka yangu imeenda wapi, baba?"

Watu walicheka, lakini kusema kweli swali lake njo lile tunalozunguka tangu miaka kadhaa. Sisi wamenoniti, kanisa la kiprotestanti linalobatiza watu wazima na kukataa vita, hii Epifania ni yetu ao tumeazima tu kwa jirani?

Kwa asiyejua, Epifania ni tarehe 6 mwezi wa kwanza, wenzetu wa Tanzania wanaiita Tokeo la Bwana, huku watu wanasema tu siku ya wafalme watatu, na parokia nyingi zinaisogeza mpaka siku ya Mungu iliyo karibu. Wanasoma Matayo 2, mamajusi, nyota, Herode, dhahabu na uvumba na manemane. Kanisani kwetu zamani haikuwako. Tulikuwa na Noeli, tulikuwa na Bonane (mwaka mpya), kisha mwezi wa kwanza unaingia mkavu kabisa, watu wamemaliza feza, kanisa nusu tupu. Vijana njo walileta hii jambo: ibada ya saa kumi, nyota mbele, kisha kutembelea nyumba tatu na kula pamoja kwenye ile ya mwisho. Nyumba tatu juu ya wafalme watatu, ijapo Biblia haisemi popote kama walikuwa watatu wala kama walikuwa wafalme, tunahesabu zawadi tu.

Wanaokataa wana hoja, na si zote nyepesi. Ile inayosikika sana njo nyepesi kuliko zote: "banatuletea mambo ya bakatoliki." Mimi hii hainishiki. Tukianza kutupa kila kitu ambacho wakatoliki walikifanya kabla yetu, tutatupa Noeli pia, na sijaona mtu anaikataa Noeli pale mchele unapoanza kunukia. Tena historia yetu yenyewe haiko rahisi hivyo. Felix Manz, mmoja wa wale wa kwanza waliobatizana Zürich, Uswisi, tarehe 21 mwezi wa kwanza 1525, walimzamisha kwenye mto Limmat tarehe 5 mwezi wa kwanza 1527, mikono wameifunga na kuipitisha juu ya magoti, na waliofanya vile hawakuwa wakatoliki, ilikuwa baraza la mji uliokwisha kumfuata Zwingli, mtengenezaji wa kanisa, maprotestanti wenzetu. Kosa lake lilikuwa kubatiza watu wazima. Yaani tukihesabu ndugu kwa kuangalia nani alitutesa, tutabaki peke yetu na nyimbo zetu.

Hoja ya pili ina uzito. Wamenoniti wa dunia nzima tayari wana siku yao mwezi huuhuu, ile siku ya Mungu iliyo karibu na tarehe 21, ya kukumbuka ule ubatizo wa Zürich. Shirika la dunia la wamenoniti linaomba makanisa yaombe pamoja siku hiyo, na kila mshirika atoe sadaka ya kiasi cha chakula kimoja cha mchana. Mzee wetu wa chaki anauliza, na anauliza vizuri: mbona hiyo siku vijana wanaipita mbiombio, hakuna nyota, hakuna matembezi, nusu ya korali haiji, lakini ya wafalme watatu wanafanya repetisyo wiki tatu? Jibu la haraka ni kwamba Zürich iko mbali, na mtoto wa Katuba hawezi kuucheza ubatizo wa 1525 akiwa amefunikwa kitenge cha mama yake. Lakini hilo ni jibu la nani anafurahi zaidi, si jibu la nini kinatufundisha.

Ya tatu njo inaniuma mimi mwenyewe. Feza. Mwezi wa kwanza Lubumbashi kila mtu anaujua: deni za Bonane, minervali (karo ya shule) ya watoto, bei ya mfuko wa makala ya kupikia inapanda juu ya mvua. Sasa kamati inatangaza mchango wa franka elfu kumi kila familia kwa chakula cha Epifania. Kwa mwenye kazi ya kampuni si kitu. Kwa mama anayeuza mikate barabarani ni faida ya siku ngapi? Na ile familia isiyotoa haiji, haya inawashika, wanabaki nyumbani na kuambia watoto kama baba anaumwa kichwa. Nimeona hivyo mwaka jana kwa watu wa avenue yetu. Karamu ya kuunganisha kanisa ikageuka ya kuonyesha nani ana kitu.

Tena mwaka huu mtu aliweka beseni mbele ya madhabahu na karatasi imeandikwa DHAHABU. Nilishtuka. Mji huu umejaa makanisa ya uamsho ambako mwezi wa kwanza unahubiriwa kama mwezi wa kupanda mbegu, leta dhahabu yako kwa mfalme na mwaka wako utafunguka, bahasha juu ya bahasha. Baba pasta wetu hakusema hivyo, alisema tu kila mtu atoe anachoweza, lakini beseni lilikuwa linahubiri peke yake. Kilichoniokoa ni mtoto wa miaka kama sita hivi, aliingia na kipande cha malakita, lile jiwe la kijani watu wanalochongea vyombo vya majivu ya sigara na shanga, akakitia ndani kikalia ngo! Mama yake akataka kukitoa, akamwacha. Kilikaa pale juu ya noti mpaka mwisho.

Sasa upande mwingine. Wanaoitetea Epifania mara nyingi wanaitetea vibaya, wanasema inaleta vijana, inapendeza, hata waamishi wa Marekani wanaishika. Ni kweli, jamaa nyingi za waamishi, ambao ni tawi la ukoo wetu huuhuu, wanaita tarehe 6 Noeli ya Zamani, wanafunga maduka, wengine wanafunga kula asubuhi, ni kumbukumbu ya kalenda ya kale waliyotoka nayo Ulaya. Na Ethiopia, kwenye moja ya makanisa makubwa kabisa ya wamenoniti duniani, washirika wanaishi katikati ya watu ambao kwao Epifania ni Timkat, tarehe 19, siku ya ubatizo wa Yesu mtoni na si ya mamajusi. (Hapo tungeweza kujifunza kitu, sisi watu wa kubatiza wakubwa, kwamba mashariki yote ya kanisa tangu zamani siku hii ni ya maji. Hakuna kijana wetu aliyelifikiri hilo, wote wamekazana na nyota.)

Lakini mimi naona sababu yenye nguvu iko ndani ya sura yenyewe, mstari wa 12. Herode aliwatuma mamajusi kama wapelelezi wake bila wao kujua, nendeni mkaniulizie habari za mtoto, na wao wakaonywa katika ndoto wakarudi kwao kwa njia nyingine. Hawakupigana na Herode, hawakumtukana, hawakurudi kwake, basi. Kama iko andiko la amani vile wamenoniti wanavyoielewa amani, mimi sijui lingine linalolipita hili: unaikatalia serikali ya damu kazi yake, unapinda kona, unaenda nyumbani. Noeli haina hiyo kwa wazi hivi, na ajabu ni kwamba michezo yetu inaishia pale zawadi zinapotolewa na watu wanapiga makofi, Herode hatumwoni tena, watoto wa Betelehemu hawatajwi, Misri haitajwi. Tunakata hadithi pale inapoanza kutuhusu.

Maana inatuhusu. Kanisa letu karibu lote lina mizizi Kasai, kule wamisionari wa kwanza wa kimenoniti walifungua vituo Djoko Punda na Kalamba mwaka 1912. Wazazi wetu walifuata kazi ya migodi na reli huku Katanga, wakaitwa ndugu wakati kazi ilipokuwako na wakaitwa wageni mwaka 1992 na 1993 siasa zilipobadilika, watu waliozaliwa hapahapa wakalala miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya "kurudi" pahali ambapo hawajawahi kuishi. Kambo yangu alikuwa hapo. Wengine walirudi tena baadaye, wakajenga upya, na njo hao leo wanaimba Tshiluba kwenye ibada ya pili. Kwa watu hao, habari ya wageni kutoka mbali wanaopokewa nyumbani si mapambo.

Na kusema tarehe, mwaka huu ile siku ya Mungu ya Epifania ilianguka tarehe 4, siku ya wafia uhuru, na mwaka 1959 pia tarehe 4 ilikuwa siku ya Mungu, watu wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) walipokatazwa mkutano wao na risasi zikapigwa. Kesho yake tarehe 5, Felix Manz. Keshokutwa Epifania, na Herode ndani yake. Siku tatu zimefuatana zote zinasema kitu kimoja juu ya wenye nguvu, na mahubiri tuliyopata ilikuwa kwamba nyota ni mwongozo wa mwaka mpya. Baba pasta anisamehe, nampenda, lakini hapo tulikosa.

Kitu kilichonifanya nibaki upande wa kuishika hii siku hakikutoka kwenye mimbara. Tangu mwaka jana kuko familia moja ilitoka Bukavu baada ya mji kuchukuliwa na waasi, wakapita Uvira, wakapanda boti mpaka Kalemie, kisha lori mpaka huku, mama na watoto wanne. Msomaji alipofika pale "mamajusi wa mashariki walifika", watoto wote wa benchi ya mbele wakageuka wakamwangalia yule mama, juu kwao Mashariki ni neno la redio, ni kule kuna vita. Yeye akacheka kwanza, kisha akajifunika uso na kitambaa. Nyumba ya tatu usiku ule ilikuwa ya kwake, chumba kimoja cha kupanga, tuliingia kwa zamu. Bukari na sombe na samaki wadogo, aliyepika ni yeye, alikataa kamati imletee chakula. Alisema wakati wa kukimbia walibadilisha barabara mara mbili juu mtu aliwaambia mbele iko kizuizi. Yule shemasi wa chaki alikuwa amekaa kwenye kidumu cha mayi karibu na mlango, sahani juu ya magoti, akasema "njia nyingine", taratibu, sawa mtu anayesoma, akaendelea kula.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa, mchango wa elfu kumi uondoke, beseni liondoke, mavazi ya kifalme na repetisyo za wiki tatu vipunguzwe sana. Sura isomwe mpaka mwisho, na Herode apate mchezaji wake. Matembezi ya nyumba yabaki, na mwenye nyumba apike alicho nacho, hata chai na mikate. Siku ya tarehe 21 ipewe nguvu ileile, hapo mzee ana haki kabisa na vijana waache kumkwepa. Kuhusu chaki sina neno. Herufi zile tatu wakatoliki wanazisoma kwa Kilatini kama ombi Kristo aibariki nyumba, hakuna dhambi ndani, lakini tukiandika kwenye mlango wa mjane halafu hatupiti tena mpaka mwaka ujao, hapo hata mimi ningefuta.

Kamati ilikaa Jumamosi iliyofuata, saa tatu na nusu nzima. Vijana walileta barua, wazee walileta Biblia, mama wa korali walileta malalamiko ya nani alifua vitenge. Hawakuamua kitu. Walichokubaliana wote ni kuitafuta sufuria kubwa ya mke wa shemasi, ambayo tangu usiku ule haijulikani ilibaki nyumba gani kati ya zile tatu.