Namba tambulishi za kurithi

Wewe uliyejaza uniqid(), ile amri ya kuzalisha namba tambulishi, kila kona ya skripti zile za lugha ya PHP, popote ulipo, nina neno na wewe.

Nahamisha mfumo wa risiti kutoka PHP kwenda lugha ya Python. Kazi ya siku mbili, nikajidanganya. Kumbe uniqid() haibahatishi chochote: ni saa tu iliyoandikwa kwa heksadesimali, herufi 8 za sekunde na 5 za maikrosekunde, jumla 13. Mimi mahali pake nikaweka uuid4, namba tambulishi ya kubahatisha, kwa mbwembwe, herufi 36 na vistari vyake. Safu kwenye hifadhidata ni CHAR(13), yaani inabeba herufi 13 tu. Na MySQL, programu inayoendesha hifadhidata hiyo, ilishazimwa zamani ukali wa kukataa data isiyotoshea, basi haikugomba. Ikakata mkia kimya kimya, ikabakiza 3f9c21ab-7d04. Nimekuja kujua mteja alipolalamika kiungo cha risiti yake hakifunguki.

Halafu orodha ilikuwa ikipangwa kwa namba hiyohiyo, maana saa hairudi nyuma. Uuid4 haijui leo wala jana, kwa hiyo risiti ya asubuhi hii ikapangwa kabla ya risiti ya kwanza kabisa ya duka!

Kwenye kipande cha JavaScript mwenzangu naye kaweka Date.now(), saa ya sasa hivi, iwe namba tambulishi. Ndugu yangu, ile inahesabu milisekunde! Wateja wawili wakibonyeza pamoja wanapewa namba moja kama mapacha.

Basi nimeandika kifungu changu kinachoiga uniqid(), mistari minne, na udhaifu wake wote wa asili. Ndiyo, najua. Chai imeshapoa.