Kabla ya 4K, Tafuta Tundu la Maiki

Kijana wa Kigoma anayetaka kuanza kazi ya video akiingia dukani, anaonyeshwa kwanza namba zilizochapwa ubavuni mwa kamera: 4K (picha kali zaidi), zumu mara 30, mara 50. Mimi namba hizo naziweka mwisho. Kamera ndogo ya kutumika huku Ziwa Tanganyika naichagua kwa sauti, halafu kwa uwezo wake wa kuona gizani.

Nenda mwalo wa Kibirizi au Katonga asubuhi, mitumbwi ikiingia. Injini zinanguruma, wachuuzi wanabishania bei ya dagaa, upepo unapiga. Maiki iliyojengewa ndani ya kamera huzoa vyote kwa mkupuo mmoja, na mzee anayekusimulia uvuvi wa enzi zake anamezwa. Kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusi unapokaza, ndiyo kabisa. Picha yenye ukungu kidogo mtu ataivumilia, lakini asiposikia maneno atafunga video. Na wazee hao hawatusubiri. Simulizi lililorekodiwa vibaya pengine halirudiwi tena.

Kwa hiyo tafuta tundu la maiki la milimita 3.5, uweze kubana maiki kwenye shati la msemaji, karibu na kinywa. Sony HDR-CX405, yenye zumu ya mara 30, haina tundu hilo. Kwa watoto wakicheza mpira uwanjani inafaa sana. Kwa mahojiano siishauri, hata ikiuzwa bei ya kutupa.

Tukija kwenye giza: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, maana mbele ya mbalamwezi taa hazifui dafu. Usiku wenye kazi ndio usiku mweusi. Hapo kinachookoa ni ukubwa wa kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, kile cha inchi 1/2.3, kilichozoeleka kwenye kamera ndogo za bei nafuu, kina takriban 6.2 kwa 4.6. Eneo linazidi mara nne, na tofauti utaiona kwenye nyuso za wavuvi, kama zina sura au ni chengachenga tupu.

Ndiyo maana naipenda Sony ZV-1 ya mwaka 2020. Ina kihisi cha inchi 1, lenzi ya f/1.8 inayoingiza mwanga mwingi, tundu la maiki, na kichujio cha ndani cha kupunguza mwanga mchana ziwa linapong'aa. Betri yake ndogo huisha upesi, ila inatoka, basi nunua na ya akiba. Haina tundu la hedifoni: rekodi kidogo, cheza usikilize, ndipo mzee aanze. DJI Osmo Pocket 3 ya 2023 ina kihisi cha ukubwa huohuo, na shingo yake yenye mota hutuliza picha hata chombo kikiyumba. Kwa anayefanya kazi ndani ya mtumbwi ningemwambia achukue hiyo pamoja na maiki yake isiyo na waya. Betri yake haibadilishwi, na hilo linanisumbua kwa mtu anayekaa mbali na umeme.

4K? Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45 za kadi. Jaribu kuzipandisha mtandaoni kwa bando la simu ukiwa Ujiji.

Ukinunua iliyotumika, fungua menyu kwanza. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani pekee. Kisha iweke kwenye mfumo wa PAL, fremu (picha) 25 au 50 kwa sekunde, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, uielekeze kwenye taa za dukani. Umeme wetu ni hezi 50, na kamera iliyoachwa kwenye fremu 30 au 60 huweza kuonyesha taa zikipepesa. Muuzaji akikukataza kuiwasha, nenda duka linalofuata.