Tandu Aliyekataa Kuwa Mpya

Ukitaka kujua subira yako inaishia wapi, hesabu miguu ya tandu wa udongo. Simsemi yule tandu mnene anayekatiza sebuleni watu wazima wakapanda viti. Namsema wa oda ya Geophilomorpha, mwembamba kama uzi wa kushonea, asiye na jicho hata moja, anayejipitia zake chini ya ardhi bila habari na mtu. Huyo ndiye aliyesababisha profesa wangu apigwe gazeti la ndevu gizani, nyumbani kwa shangazi yangu, mbele ya macho yangu, nami nikashindwa kuamua nimwokoe nani kwanza, profesa au tandu.

Nianze na miguu, maana balaa lilianzia huko. Jozi za miguu ya tandu ni witiri. Tandu wa mawe wana jozi 15, wale wakubwa wanaotisha wengi wao wana 21 au 23, na hawa wa udongo huanzia 27 hadi kufika 191. Katikati hapo pana namba chungu nzima, lakini shufwa haimo. Ndiyo kusema hakuna spishi ya tandu yenye miguu mia kamili, kwani miguu mia ni jozi 50, na 50 ni shufwa. Tena huyu wa udongo hutoka kwenye yai na miguu yake yote, haoti mingine ukubwani. Kwa hiyo anayetaka kumtambua hawezi kuikwepa hesabu. Unamlaza kwenye kisahani cha kioo, unakiweka chini ya hadubini, unamfuata kwa ncha ya sindano jozi baada ya jozi, na unaomba Mungu mtu asikusemeshe.

Mimi nilikuwa naishi kwa shangazi, na kwa shangazi hakuna dakika mtu hasemeshwi.

Hadubini yenyewe ilikuwa ya kuazima na nilikuwa nimeiweka juu ya meza ya chakula, kwa sababu ndiyo meza pekee isiyoyumba. Shangazi hakuipenda. "Hilo jipu lako litatumbuka lini hapo mezani?" aliuliza kila asubuhi. Nikamwambia nikishapata spishi mpya. Akauliza spishi mpya ina faida gani. Nikamweleza. Akauliza tena kesho yake.

Wala sikuwa naota ndoto za mchana. Tandu wa udongo waliokwisha kupewa majina ni zaidi ya 1,200, na wapya bado hutokea mahali ambapo mtu hakutegemea. Mwaka 2002 ilitangazwa spishi mpya, tena na jenasi yake mpya, kutoka kwenye majani yaliyooza ya Central Park, bustani iliyo katikati ya jiji la New York! Mdudu wa milimita kumi hivi, jozi 41, akaitwa Nannarrup hoffmani kwa heshima ya Richard Hoffman, mtaalamu wa majongoo na tandu. Mamilioni ya watu wamemkanyaga. Mwaka 2015 akaja Geophilus hadesi kutoka mapango ya milima ya Velebit kule Kroatia, ambaye mmoja wao alipatikana zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi, wakampa jina la mungu wa kuzimu wa Wagiriki wa kale. Nikajiambia, kama wengine wamefika kuzimu kumtafuta tandu, mimi nashindwa nini kuchungulia chungu cha maua cha shangazi?

Udongo wa chungu kile niliupakua shangazi akiwa ametoka, nikauweka kwenye mtego. Mtego wenyewe ni faneli kubwa yenye wavu ndani, udongo juu ya wavu, taa juu ya udongo, na chupa ya spiriti chini kabisa. Taa inakausha udongo kuanzia juu, wakazi wake wanakimbia joto kuelekea kwenye unyevu, wanapenya kwenye wavu na kudondoka chupani. Hautaki chambo, hautaki mtu wa kuulinda. Unataka umeme tu, na spiriti iwe spiriti kweli.

Asubuhi binamu yangu mdogo, mtoto wa shangazi, akanigonga bega. "Kaka, kuna kamba imeanguka kwenye chupa." Haikuwa kamba. Alikuwa tandu mrefu wa kupendeza, amejikunja chini ya chupa, hatikisiki. Nikamhamishia kwenye kisahani na kufungua ufunguo wa utambuzi. Ufunguo ni mlolongo wa maswali: kichwa ni kirefu kuliko upana au sivyo? Mdomo wa juu una meno au hauna? Chini ya tumbo kuna vitundu vya tezi, na vimejipanga vipi? Kila jibu linakusukuma kwenye swali lingine mpaka ufike kwenye jina. Mimi nilisukumwa mpaka ukutani. Hakuna jina lililomkubali. Uchafu uliomganda tumboni nao haukunisaidia, kwa maana vitundu vyenyewe sikuviona sawasawa.

Nikahesabu miguu. Jozi 72.

Shufwa! Nikampa binamu ahesabu, maana macho yake ni mapya. Akatumia muda mrefu, ulimi nje, halafu akasema 74. Nayo shufwa.

Mtu mwenye akili zake angenawa mikono akahesabu upya. Mimi nilikuwa nimeshafika makumbusho: naiona holotaipu, yaani kile kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi milele, imekaa kwenye chupa yake na kikaratasi chekundu. Spishi mpya, halafu ya kwanza duniani yenye jozi shufwa! Hata jina nilishachagua. Kanuni ya majina ya kisayansi ni kwamba ukimpa mdudu jina la mwanamume unamalizia kwa -i, la mwanamke kwa -ae. Nilichukua jina la shangazi nikalitia hiyo -ae, nikalisema kwa sauti mara mbili tatu, likatamkika. Niliona litanipatia mwaka mwingine wa kukaa bure. Binamu alinisikia, akacheka, nikamwapisha asimwambie mama yake.

Nikamtumia Profesa ujumbe: "Shikamoo Profesa. Nina Geophilomorpha wa jozi 72."

Akajibu: "Marahaba. Hesabu tena."

"Mwenzangu amepata 74."

Hakujibu. Jioni akagonga mlango.

Profesa wangu ni mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe zinazomfika kifuani, na katika ukoo wetu wa wataalamu wa wadudu anajulikana kwa usemi mmoja: asiyemo kitabuni si lazima awe mpya, huenda kitabu ndicho kifupi. Akasalimiana na shangazi kwa adabu zote, akaketi, akainama kwenye hadubini. Ndevu zikatandazika juu ya kisahani. Akazikusanya kwa mkono, akashika sindano kwa mkono mwingine, ndevu zikarudi palepale. Akaziacha.

"Moja," akaanza kwa sauti ya chini. "Mbili. Tatu..."

Shangazi hawezi kumwona mgeni amenyamaza. Kwake huo ni ukosefu wa ukarimu. Alimvumilia mpaka thelathini na kitu.

"Profesa, Mungu amekujalia watoto wangapi?"

"Wanne, Mama," akasema Profesa bila kuinua kichwa. "Tano. Sita. Saba..." Akanyamaza. Akashusha pumzi. Akarudi mwanzo.

Safari hii alifika mbali zaidi. Nilimwona shangazi anafungua mdomo, nikamkonyeza, nikamkunjia uso, nikatikisa kichwa. Wapi.

"Na wajukuu?"

"Kumi na mmoja. Kumi na mbili. Kumi na... Mama, nakuomba."

"Basi, basi, nimenyamaza. Ila kumi na mmoja ni wengi."

Profesa akaanza kwa mara nyingine. Halafu akasimama katikati ya hesabu na kukunja paji la uso. "Umekisogeza kisahani?"

"Hapana, Profesa."

"Mbona kichwa hakipo?"

Nikawa naelekea kuchungulia. Hapo hapo umeme ukakatika.

Giza lilikuwa giza la kweli. Tukatulia, kila mtu akisubiri mwenzake aseme pa kupata tochi. Ndipo Profesa akasema kwa utulivu kabisa, "Kuna kitu kinanitembea."

Na ndevu zake zikawaka.

Ilianza nukta moja, pembeni ya kidevu. Ikafuata nyingine, zikaungana, ukawa mstari wa mwanga wa kijani uliopauka, wenye ubuluu kwa mbali, unapanda taratibu kuelekea sikio la kushoto na kuacha vitone vinavyong'aa kwenye mvi. Mwanga ulitosha kuonyesha pua ya Profesa na chini ya jicho lake moja. Uso uliobaki haukuwepo. Shangazi alianza dua, akaikatisha njiani na kuchukua gazeti.

"Mtu asiwashe taa!" Profesa akapaza sauti.

"Umeme umekatika, Profesa," binamu akasema.

"Vizuri! Ubaki hivyo hivyo!"

"Tulia baba, namshughulikia!" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi, na gazeti likatua. Puu! Kosa lake ni kwamba tandu yule ndivyo anavyofanya kazi: ukimbughudhi, anatoa ute unaong'aa kupitia vitundu vile vya tumboni, na ukizidi naye anazidi. Mwenyewe mwanga huo hauoni, kipofu. Ni wa kumtishia adui. Kila gazeti lilipotua, ndevu ziliwaka upya mahali pengine.

"Usimwue, Mama! Orphnaeus! Ni Orphnaeus!"

Shangazi, aliyesikia mzee wa watu anataja jina geni kwa sauti ya kupagawa huku kidevu kinawaka kijani, aliamini kwamba jini limejitambulisha. Akaongeza nguvu. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mtu, baadaye ikabainika ni wa binamu. Kilichookoa jahazi ni Profesa mwenyewe, aliyejikinga kwa kiwiko cha kulia na kuchota ndevu zake kwa kiganja cha kushoto, akazichomeka ndani ya bilauri, akazitikisa mpaka mwanga ukadondoka chini ya glasi.

Umeme uliporudi tulimkuta amesimama, miwani imepinda, ameziba bilauri kwa kiganja, anatabasamu kama bwana harusi.

"Orphnaeus brevilabiatus," akasema. "George Newport alimwandika mwaka 1845. Yuko nchi nyingi za joto, husafiri kwenye udongo wa mimea watu wanayohamisha. Chini ya taa angekusumbua mwezi mzima. Gizani amejitaja mwenyewe." Kesho yake tulimsafisha tumbo tukavikagua vitundu, na kweli alikuwa yeye. Ufunguo wangu haukuwa naye kabisa, kitabu kilikuwa kifupi. Kanuni nayo haina huruma: aliyetangulia kumpa mdudu jina sawasawa ndiye mwenye jina. Miaka zaidi ya mia na nusu nimepitwa.

Lakini usiku ule Profesa alikuwa na swali lingine. "Maiti haitembei. Spiriti yako ni asilimia ngapi?"

"Sabini."

Akaichukua chupa, akainusa. Akainusa tena. Akamimina kidogo kiganjani, akanitazama. Sisi sote tukamgeukia shangazi, sijui kwa nini, tuligeuka tu.

"Nilisafishia vioo," akasema. "Mnaviona lakini vilivyotakata? Nikaona si uungwana nikuachie chupa inayokaribia kuisha, nikakujazia maji."

Kwa tandu wa udongo maji si kitu. Ardhi ikifurika huweza kukaa humo muda mrefu na asife. Spiriti iliyobaki kwenye mchanganyiko ule ilitosha kumlevya tu, na Profesa alipokuwa akimchokonoa kwa sindano, jamaa alikuwa anaamka na uchovu wake.

Wakati tunalijadili hilo, shangazi alikuwa ameinama mezani, pua inagusa bilauri, kidole kinasogea polepole kwenye kioo. Tandu alikuwa amejinyoosha akizunguka ukingo wa chini. Hakuna aliyemsemesha shangazi, na sidhani kama jambo hilo limewahi kumtokea.

"Sabini na tatu," akasema.

Profesa akakaa chini. "Mama, una uhakika?"

"Sasa hapa pana ugumu gani? Hawa wawili wa mwisho hawatembelei, anawaburuta tu nyuma, ila si miguu hiyo? Na hivi vya mbele shingoni si miguu, ni vya kung'atia."

Ndiyo ilivyokuwa. Jozi ya mwisho ni ya kupapasia, imechongoka nyuma, na mimi nilikuwa nimeiruka. Binamu aliihesabu, kisha akaongeza na kucha za sumu ambazo hukaa nyuma ya kichwa na kuonekana kama miguu mifupi. Huyu 72, huyu 74, na tandu katikati na witiri yake. Profesa alicheka mpaka akavua miwani, akasema wanafunzi aliowafundisha wamewahi kukwama hapo hapo.

"Kwa hiyo jina la mama halitumiki tena?" binamu akauliza.

Nikamkanyaga mguu. Nilichelewa.

"Jina la mama lipi?" akauliza shangazi.

Profesa, ambaye hajui lini mtu anyamaze mbele ya shangazi, akamweleza yote kwa furaha: kwamba ni heshima kubwa, kwamba mdudu hubaki na jina hilo hata wenyewe mkishazikwa, kwamba inaongezwa -ae mwishoni, na kwamba kijana huyu ana moyo wa shukrani na bila shaka akimpata mpya kweli atalitumia.

Shangazi alimtazama tandu. Akanitazama mimi. Akalichukua gazeti, akalikunja upya.

"Miguu mingi, macho hana, na akitafutwa hapatikani," akasema. "Huyo mpe jina la baba yako."