Makaratasi ya Quebec, ukimya wa Ontario

Mzazi anayemsomesha mwanawe nyumbani mjini Ottawa, katika mkoa wa Ontario nchini Kanada, anadaiwa na sheria barua moja kwa mwaka. Akivuka daraja na kuhamia Gatineau, upande wa mkoa wa Quebec, anadaiwa taarifa, mpango wa masomo, ripoti mbili, kikao na mtu wa wizara ya elimu, na mtoto afanye mitihani. Haishangazi basi kwamba Ontario inasifiwa kwa uhuru na Quebec inalaumiwa kwa kuwaandama wazazi. Sifa hiyo ina ukweli wake. Shida ni kwamba wanaoitoa huwa wanamfikiria mtoto wa miaka minane, si wa kumi na saba.

Tuanze na Ontario. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Elimu kinamsamehe mtoto kwenda shule iwapo anapata mafundisho ya kuridhisha nyumbani au kwingineko. Waraka namba 131 wa wizara ya elimu, wa Juni 2002, ukaeleza utaratibu: kabla ya Septemba 1, kila mwaka, mzazi anaiandikia bodi ya shule barua yenye jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, anwani na simu, anatia saini, basi. Bodi inaipokea barua hiyo kama ushahidi tosha na haiendi kukagua mpaka iwe na sababu ya maana, kwa mfano mzazi kukataa kutoa taarifa au malalamiko ya kuaminika kutoka kwa mtu mwingine. Ratiba ya masomo haiulizwi, wala mitihani si lazima.

Quebec nayo ilikaza kamba baada ya sheria ya mwaka 2017 na kanuni zilizoanza Julai 2018. Chimbuko lake halikuwa chuki kwa wazazi. Kulikuwa na watoto waliokulia katika shule za kidini zisizo na kibali, na mmoja wao, Yochonon Lowen wa jamii ya Kihasidi (Wayahudi wanaoshika sana dini) ya mji wa Boisbriand, aliifikisha serikali mahakamani akidai ilimwacha akue bila elimu ya kawaida. Hakupata amri aliyoitaka. Mwaka 2020 jaji aliona sheria imekwisha kubadilika. Lakini mdai wa kesi ile si mzazi wala wizara. Ni mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, na hilo linasahaulika haraka sana.

Kalenda yenyewe iko hivi. Taarifa inafika wizarani na kwenye kituo cha huduma za shule, yaani chombo kinachosimamia shule za eneo, kabla ya Julai 1. Mtoto akitolewa shule katikati ya mwaka, ni ndani ya siku 10. Mpango wa masomo unafuata kabla ya Septemba 30, au ndani ya siku 30 kwa huyo aliyetolewa njiani. Mipango mingi hudhoofika hapa: mzazi ananakili vichwa vya mtaala na kuacha vile kanuni inavyovitaka hasa, yaani shughuli zenyewe, vifaa, makadirio ya muda na njia ya kupima maendeleo. Ripoti ya hali inatakiwa kati ya mwezi wa tatu na wa tano tangu masomo kuanza. Aliyeanza mwanzoni mwa Septemba, dirisha lake linafunguka Desemba na kufungwa mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo linaangukia katikati ya pilikapilika za Krismasi na kupitwa kirahisi. Ripoti ya mwisho ni Juni 15. Anayechagua jalada la kazi za mtoto kama njia ya kupima maendeleo aandike tarehe kwenye kila karatasi: insha ishirini zisizo na tarehe hazionyeshi kama mtoto alipanda au alishuka.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kanuni za 2018 ziliacha nafasi pana ya kujichagulia mtaala, nafasi hiyo ikadumu mwaka mmoja tu. Tangu Julai 2019 programu za wizara zinafuatwa katika masomo ya lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, pamoja na hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Mitihani ya wizara nayo sasa ni lazima. Mtoto anayechelewa kusoma, au aliyeondolewa shule kwa sababu ya kuonewa, anaukuta mtihani wa darasa la nne ukimsubiri kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzazi wa Kikongo au Kirundi anaweza kufundisha Kiswahili apendavyo, ila ni saa za ziada. Na Quebec haimpi mzazi fedha, wakati mkoa wa Alberta humrudishia anayekubali kusimamiwa sehemu ya gharama za vifaa. Hapo Quebec inastahili kulaumiwa.

Sasa twende kwenye cheti. Diploma ya sekondari ya Quebec inataka krediti 54 (alama za masomo yaliyokamilishwa) za kidato cha nne na cha tano, angalau 20 ziwe za cha tano. Mtoto wa nyumbani anayepita kwenye ile mitihani inayolalamikiwa hukusanya sehemu yake njiani, na diploma hiyo ndiyo mlango wa kawaida wa kuingia cégep, chuo cha Quebec kinachofuata sekondari kabla ya chuo kikuu. Ontario inataka krediti 30, kila moja ikihesabiwa kwa saa 110, na anayetoa krediti ni mkuu wa shule, si mzazi. Kijana wa miaka 16 anayeamua kuingia shule anafika bila krediti hata moja mkononi, na mkuu wa shule ndiye anayepima ahesabiwe ngapi. Anapimaje? Kwa kumbukumbu, zilezile ambazo sheria haikuwahi kuzidai. Mzazi aliyefundisha vizuri miaka kumi bila kuandika anajikuta hana cha kuonyesha, na anayerudi nyuma darasa ni mtoto.

Mahakama ya Juu ya Kanada iliwahi kulitazama suala hili katika kesi ya mchungaji Jones wa Calgary, Alberta, mwaka 1986. Alifundisha watoto kwenye kanisa lake na kukataa hata kuomba kibali cha kuwaondoa shuleni. Alishindwa: mkoa una haki ya kujua mtoto anajifunza nini.

Anayebaki Ontario anaweza kujiwekea Quebec yake ndogo. Kuanzia darasa la 9, kila somo lipate daftari lake: kitabu kilichotumika, saa zilizotumika hadi zifike 110, kazi nne au tano zenye tarehe, na angalau jaribio moja lililosahihishwa na mtu asiye mzazi. Barua ya bodi ya kukiri kupokea taarifa ihifadhiwe pia, moja kwa kila mwaka.