Homa ya uti wa mgongo ya virusi kwa watu wazima: mgogoro uko kwenye kipimo, si kwenye dawa

Mtu mzima anapofika hospitalini akiwa na homa, maumivu makali ya kichwa, kichefuchefu, shingo iliyokakamaa na macho yasiyostahimili mwanga, madaktari hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba mgonjwa wa namna hiyo ahesabiwe kuwa ana maambukizi ya bakteria na aanzishiwe antibayotiki papo hapo, hadi ithibitike vinginevyo. Wengine hulalamika kwamba mazoea hayo huwalaza wodini kwa siku nyingi watu wenye ugonjwa wa virusi, ambao wengi wao hupona bila dawa maalumu, huku wakichomwa sindano zisizowafaa kitu.

Upande wa kwanza una hoja nzito. Bakteria wanaweza kuua ndani ya saa chache, na siku ya kwanza magonjwa haya mawili hufanana mno. Hata ishara za Kernig na Brudzinski, ambapo daktari hujaribu kunyoosha goti la mgonjwa aliyelala chali, au humwinua kichwa akitazama kama magoti yatajikunja yenyewe, hazionekani kwa wagonjwa wengi, kwa hiyo kukosekana kwake hakumwondolei mtu shaka.

Upande wa pili nao haukosi ushahidi. Mwenye maambukizi ya virusi kwenye utando wa ubongo pekee kwa kawaida ana fahamu timamu: anaumwa sana, lakini anajua alipo na anajibu anachoulizwa. Akianza kuchanganyikiwa, kubadilika tabia, kushindwa kupata maneno au kupata mtukutiko (degedege), yamkini ubongo wenyewe umeingiliwa, na hapo asikloviri, dawa ya kupambana na virusi vya hepesi, ya kuingizwa mshipani haipaswi kucheleweshwa. Tatizo ni kwamba dawa hiyo hiyo hutolewa pia kwa wasio na dalili hizo, ilhali haijathibitika kuwa inawasaidia.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili hubishana juu ya kuanza dawa, jambo ambalo halina ubishi mkubwa, na kusahau kinachowezesha kuzisimamisha: maji ya uti wa mgongo kuchukuliwa mapema. Wengi hupelekwa kwanza kupigwa picha ya CT ya kichwa, ingawa mtu mwenye fahamu kamili, asiye na mtukutiko, udhaifu wa upande mmoja, uvimbe wa neva ya jicho wala upungufu wa kinga, kwa kawaida haihitaji. Wakati foleni ya picha ikisogea, antibayotiki huwa imeshaanza kuua bakteria, na kuwaotesha maabara kunakuwa kugumu.

Maji yenyewe yasomwe kwa uangalifu. Katika ugonjwa wa virusi hutoka maangavu, chembe nyeupe (askari wa kinga ya mwili) huwa makumi hadi mamia kwa kila mikrolita na mara chache huzidi 1,000, nyingi zikiwa za aina ya limfosaiti. Protini hupanda kidogo, na sukari hubaki zaidi ya nusu ya ile ya damu. (Sukari ya damu ipimwe wakati huo huo; ni jambo dogo, lakini likiachwa nusu ya maana ya jibu hupotea.) Mtego ni kwamba saa za mwanzo nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe ambayo kwa kawaida hutawala katika ugonjwa wa bakteria, zinaweza kutawala na kuiga bakteria, wakati kifua kikuu na kuvu aina ya kriptokoka nao huleta limfosaiti, ila sukari kwa kawaida hushuka.

Ndipo PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi kwenye maji hayo, inapoamua. Enterovirusi, virusi vinavyozaliana utumboni, ndizo huongoza, zikifuatiwa na hepesi aina ya 2 (inayosababisha malengelenge ya sehemu za siri), ambayo inaweza kurudia rudia, na virusi vya tetekuwanga, ambavyo huweza kushambulia utando bila mkanda wa jeshi kuonekana kwenye ngozi. Kila mgonjwa apimwe pia VVU, kwa kuwa maambukizi mapya huweza kujitokeza kwa sura hii hii kabla kingamwili hazijaonekana katika damu. Katika kipindi hicho kipimo kinachotafuta kingamwili peke yake kinaweza kutoa jibu hasi la uongo, na kinachohitajika ni kile kinachotafuta kirusi chenyewe.