Kabla ya Kupuliza, Pasua Bua

Sisi tuna mahindi sehemu mbili: machache pembeni mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, kule Kibosho mlimani Kilimanjaro, na shamba lenyewe liko tambarare, upande wa Kahe. Dukani kwa pembejeo tunapewa dawa ileile ya bungua, kiwavi anayetoboa mabua, na ratiba ileile kwa yote mawili. Naona hapo tunakosea sana.

Ukipanda mlima, kila mita 100 joto hushuka kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kihamba na tambarare vinapishana karibu mita 700, yaani kama nyuzi 4 hivi. Kwa binadamu ni sweta tu. Kwa mdudu ni nchi nyingine. Kwenye joto la chini anatamba bungua wa madoa, Chilo partellus, aliyetoka Asia. Kwenye baridi ya juu yupo bungua mwingine, Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika.

Msimu uliopita mjomba aliniita. "Mjomba, njoo uone." Alikuwa amepasua bua lenye tundu. Ndani bungua amesinyaa, amebaki ngozi, na ubavuni kwake vifuko vyeupe vidogo vimeshikana kama pamba. Ni kazi ya Cotesia, nyigu mdogo kuliko sisimizi: hutaga mayai ndani ya bungua, watoto wake wakamla akiwa hai.

Anamwonaje mdudu aliyefichwa na bua? Kwa harufu. Mhindi ukitafunwa hubadilisha kemikali zake na kutoa harufu inayomwita nyigu. Mbita, Kenya, watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba majani ya molasi, aina ya nyasi, hutoa harufu ya namna hiyo hata kabla ya kuguswa, na mahindi yaliyochanganywa nayo yalipata nyigu wengi zaidi.

Hata nyigu nao wana mipaka yao. Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993, anammaliza bungua wa madoa. Akitaga ndani ya Busseola, mayai yake huzingirwa na kinga ya mwili wa mdudu huyo na kufa. Joto likimpandisha bungua mlimani, swali langu ni kama adui yake atapanda naye.

Na sisi tunapuliza bungua akiwa ameshaingia ndani ya bua. Dawa haimfikii. Inampata nyigu aliye nje, anayetafuta.

Masika haya sipulizi mpaka nipasue mabua ishirini, kona zote nne. Mjomba amenikubalia nusu ya shamba.