Pilaklikaha ilikuwa ya nani?

Tarehe 31 Machi 1836 wanajeshi wa Marekani wa Jenerali Eustis, waliokuwa vitani na Waseminole, waliingia Pilaklikaha, kijiji cha watu weusi Florida ya kati, wakakiteketeza. Leo juu ya ardhi huoni kitu, mpaka waakiolojia wachimbe ndo vinatoka vigae. Wakazi wake walikuwa watoro wa mashamba ya wazungu huko kaskazini pamoja na watoto na wajukuu wao, wakiishi jirani na Waseminole, Wahindi wa Amerika wa Florida, ambao nao wengi wao asili yao ni Wacreek, kabila jingine la Wahindi hao, waliohamia kusini.

Ubishi ni huu, walikuwa watumwa au la?

Kwenye makaratasi walikuwa watumwa, wengi wa chifu wa Waseminole, Micanopy. Ila utumwa gani huo jamani, mtu ana nyumba yake, shamba lake la mahindi, mifugo, bunduki ukutani, halafu anachodaiwa ni kupeleka sehemu ya mavuno kwa chifu basi. Abraham, aliyewahi kuwa mtumwa wa daktari mmoja Pensacola, akawa mkalimani na mshauri wa Micanopy na 1826 akaenda naye hadi Washington. Na lile jina la mtumwa liliwakinga pia, maana mzungu akija kudai mtoro wake Mseminole anamjibu huyu ni wangu.

Lakini wanaosema walikuwa huru kabisa nao wanatia chumvi. Kinga ya kuwa mali ya mtu inadumu mwenye mali akitaka tu. Jenerali Jesup, aliyeongoza jeshi la Marekani kwenye vita ile, aliwaahidi watu weusi hao uhuru wakijisalimisha, wakahamishwa pamoja na Waseminole kwenda huko inakoitwa Oklahoma sasa, kisha 1848 mwanasheria mkuu wa Marekani akasema ahadi ile ni batili, na Januari 1849 zaidi ya watu 200 wakarudishwa kwa mabwana wao Waseminole. Wale wale waliopigana nao bega kwa bega! Mwaka huohuo John Horse, mmoja wa viongozi wa watu weusi hao, akaondoka na kundi lake kuelekea Mexico. Huwezi kuyasoma hayo ukasema ulikuwa ujirani mwema tu.

Sasa mbona tunabishana leo? Hela. 1976 tume ya Marekani ya madai ya Wahindi iliwapa Waseminole dola milioni 16 kama fidia ya ardhi ya Florida iliyochukuliwa 1823, na kufikia 1990 na riba zilikuwa kama milioni 56. Wazao wa watu weusi wale, ambao mpaka leo wana koo zao mbili ndani ya taifa la Seminole, Caesar Bruner na Dosar Barkus, wakaachwa nje ya mgao. Hoja ni kwamba 1823 babu zao walikuwa mali, na mali haimiliki ardhi. Walienda mahakamani, kesi ikakwama kwa sababu taifa la Seminole haliwezi kushtakiwa bila ridhaa yake, kwa hiyo swali lenyewe halikujibiwa.

Upande wa taifa una hoja nzito, nakubali. Watu walionyang'anywa kila kitu wana haki ya kujiamulia nani ni wao, na serikali iliyowanyang'anya ndo ya mwisho kuwafundisha usawa. Ila mkataba wa 1866 na serikali ya Marekani waliusaini wao wenyewe na unawapa watu hawa na wazao wao haki zote za raia.

Na mimi hiyo 1823 ndo inanikera zaidi, maana mkataba wa mwaka ule wa Moultrie Creek, uliochukua hiyo ardhi, ndani yake una kifungu kinachowalazimisha Waseminole kukamata watoro. Yaani kipimo cha nani alipwe kimetolewa kwenye karatasi ya wenye watumwa. Jesup mwenyewe aliandika 1836 kwamba hii ni vita ya weusi, si ya Wahindi. Kwenye kupigwa risasi walihesabiwa wenye vita, kwenye fidia wakahesabiwa mizigo ya mtu, na sijaona bado anayetetea mgao ule akieleza hayo mawili yanakaaje pamoja.